Kila Kitu na Chombo Chake

Msomaji, maji huchotwa kwa mtungi, nafaka hupimwa kwa kibaba, na samaki hutiwa kapuni. Mtu akichota maji kwa kapu, hata akiwa na nguvu nyingi namna gani, atafika nyumbani na kapu lililolowa na kiu ile ile aliyoondoka nayo. Kosa si la maji wala si la kisima. Kosa ni la aliyechagua chombo. Jambo hili kila mtoto hulijua kabla hajaanza shule. Walakini mimi, niliyesoma mpaka nikapewa cheti, nilihitaji kufundishwa upya na bibi kizee mmoja asiyejua kusoma, na karo ya mjukuu wake ndiyo iliyokuwa gharama ya somo langu. Nataka kukusimulia habari hiyo, maana yamkini siku moja nawe utakabidhiwa kazi kama ile niliyokabidhiwa mimi: kazi ya kuunda majedwali ya hifadhidata.

Neno hilo lisikutishe. Hifadhidata ni ghala la habari zilizowekwa katika tarakilishi kwa utaratibu, ili atakayezihitaji kesho azipate kama zilivyowekwa leo. Na jedwali unalijua tangu zamani. Litazame daftari la mahudhurio ambalo mwalimu wenu hulifungua kila asubuhi. Kila mstari unaolala ni habari za mwanafunzi mmoja. Kila safu inayosimama ni habari za namna moja kwa wanafunzi wote. Safu ya majina haina alama za mtihani ndani yake, wala safu ya tarehe haina majina. Huo ndio mwanzo wa elimu hii, na aliyeushika mwanzo huo ameshika nusu ya safari.

Wazo la kuhifadhi habari kwa majedwali yanayohusiana lilielezwa kwa hoja za hesabu mwaka 1970 na Edgar Frank Codd. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923. Alikuwa rubani katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akasoma hesabu Oxford, kisha akaenda Marekani akaajiriwa na kampuni ya IBM. Kabla ya makala yake, aliyetaka habari kutoka katika ghala kubwa la tarakilishi ilimpasa ajue njia ya kuifikia mahali ilipowekwa, kama mgeni anayetafuta nyumba katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa: asipokijua kichochoro cha kwanza hakifikii cha pili. Codd alisema kwamba mtu asilazimishwe kujua vichochoro. Na ataje anachokitaka, kisha tarakilishi yenyewe iitafute njia. Ili jambo hilo liwezekane, habari ziwekwe katika majedwali sahili, na jedwali moja lihusiane na jingine kwa thamani zilizoandikwa waziwazi ndani yao. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Lugha hiyo, iliyokuja kuitwa SQL, ingali inatumika hata leo. Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika elimu ya tarakilishi.

Mimi sikuwa na habari ya Codd nilipoajiriwa ukarani katika shule moja ya pwani. Nilijua kupiga chapa upesi, na kupiga chapa upesi nilikudhania kuwa ndiko kuijua tarakilishi. Shule ile ilikuwa na wanafunzi wa bweni na wanafunzi wa kutwa. Karani aliyenitangulia, mzee aliyekuwa akistaafu, aliwaandika katika vitabu viwili. Wanafunzi wa bweni walipewa nambari za usajili kama 416, 417 na 418. Wanafunzi wa kutwa walipewa nambari za kitabu chao wenyewe, ila zilitanguliwa na sifuri: 0416, 0417, 0418. Sifuri ile ndogo ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya vitabu viwili. Siku ya kuagana, mzee alinikabidhi vitabu vyake pamoja na neno moja: "Mwanangu, viandike kama vilivyo." Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Niliona kwamba siku za wino zimepita na wenye wino nao wamepita.

Nilitengeneza jedwali moja, pana kama mkeka wa harusini. Kila malipo yalipoingia niliandika mstari mmoja, na katika mstari huo niliweka kila kitu: nambari ya mwanafunzi, jina lake, kidato chake, jina la mzazi, simu ya mzazi, kijiji, tarehe na kiasi cha fedha. Tarakilishi iliniuliza aina ya kila safu, maana hapana budi kila safu iwe na aina yake: nambari, maandishi, tarehe, na kadhalika. Kwa kila safu iliyokuwa na tarakimu nilijibu "nambari". Kwa kila iliyosalia nilijibu "maandishi". Nilipoandika 0417, kioo kilionyesha 417. Niliiona tofauti ile, nikaidhania kuwa ni unadhifu. Kazi iliyostahili siku tatu za kufikiri niliimaliza kabla ya chai ya saa nne, na Mwalimu Mkuu alinisifu mbele ya walimu.

Katika muhula wa pili nilitoa orodha ya wanaodaiwa karo. Ilisomwa gwarideni asubuhi, na waliotajwa walitakiwa warudi makwao. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwanafunzi wa kutwa. Alisimama akasema kwamba karo yake imelipwa. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu orodha ilikuwa imepigwa chapa, na binadamu tuna desturi ya kuamini kilichopigwa chapa kuliko kilichosemwa na mtoto. Alichukua mkoba wake akaondoka. Siku hiyo darasa lake lilikuwa na mtihani wa hesabu.

Baada ya siku tatu nyanya yake alifika afisini. Alikuwa ametembea kutoka kijijini, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya kazi yake ya kushona makuti.

"Shikamoo, nyanya," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za shilingi elfu sita na mia tano. Nilizituma kwa simu kabla shule haijafunguliwa. Kijana wa dukani alinishikia simu, nami nikamtajia nambari."

Nilitafuta, nikaona. Fedha zilikuwa zimeingia, lakini ziliandikwa chini ya jina la mvulana wa bweni, ambaye sasa alionekana kuwa amelipa kupita kiasi. Nilijiona mwenye hekima. Nilimwambia, "Nyanya, tarakilishi haikosei. Fedha za mia nne kumi na saba zimefika, lakini mia nne kumi na saba si mjukuu wako."

Bibi alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosea njia ya kwao. "Mimi sikutuma kwa mia nne kumi na saba," alisema. "Nilituma kwa sifuri, nne, moja, saba. Mjukuu wangu ndivyo alivyonifunza, nami nikaishika kama ninavyolishika jina lake. Hiyo sifuri mmeipeleka wapi?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilivitoa vitabu vya mzee kabatini, nikavipangusa vumbi, nikaviona vikinisuta. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yalikuja pamoja na nyanya.

Lizingatie neno la bibi yule, maana ndani yake mna kanuni ya kwanza ya kuchagua aina za data. Kwake 0417 halikuwa hesabu ya vitu; lilikuwa jina. Si kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni nambari. Kipimo chake ni chepesi: jiulize kama utakijumlisha, utakitoa au utakitafutia wastani. Je, kuna mtu anayejumlisha nambari za usajili za darasa zima? Je, wastani wa nambari za simu za kijiji una maana gani? Ikiwa jibu ni hapana, basi hicho ni jina lililovaa nguo za tarakimu, na chombo chake ni maandishi. Katika hesabu, sifuri iliyo mbele haina thamani, kwa hivyo tarakilishi ikiambiwa kwamba safu ni ya nambari huitupa sifuri hiyo bila ya kuomba ruhusa. Katika jina, sifuri hiyo ni herufi kama herufi nyingine. Nambari zetu za simu hapa Kenya huanza na sifuri. Ukiziweka katika safu ya nambari, kila moja hupoteza kichwa chake. Na ukiiondoa sifuri hiyo ukaanza na 254 ya nchi yetu, hupata tarakimu 12, nayo safu ya kawaida ya nambari kamili, yenye biti 32, haipokei zaidi ya 2,147,483,647. Tarakimu hizo ni 10 tu. Mgeni huyo hawezi kuingia mlangoni hata akiinama.

Kanuni ya pili inahusu ule mkeka wangu mpana. Mzazi mmoja aliyekuwa na watoto watatu shuleni, na aliyelipa karo kidogo kidogo, jina lake na simu yake viliandikwa katika mistari ishirini. Alipobadilisha simu, nilisahihisha mistari niliyoiona na nyingine nikaiacha. Tangu hapo jedwali langu lilikuwa na ndimi mbili: mstari huu ulisema hivi na ule ukasema vile, na hapakuwa na shahidi wa kuamua upi ulio kweli. Kadhalika, mwanafunzi aliyesajiliwa lakini hajalipa chochote hakuwa na mahali pa kuandikwa, kwa kuwa kila mstari ulikuwa wa malipo. Na nilipofuta malipo yaliyoandikwa kwa makosa, ikiwa ndiyo malipo pekee ya mwanafunzi huyo, nilimfuta na mwenyewe pia, kana kwamba hakupata kuzaliwa.

Dawa ya maradhi hayo ni kukiandika kila kitu mara moja, mahali pake. Wanafunzi wawe na jedwali lao, wazazi na walezi wawe na lao, na malipo yawe na lao. Kila mstari katika jedwali la wanafunzi uwe na ufunguo wa msingi, yaani thamani moja isiyorudiwa na mwingine yeyote, ambayo kwayo mwanafunzi huyo hujulikana. Laiti ningaliitangaza nambari ya usajili kuwa ufunguo, tarakilishi ingalimkataa 417 wa pili siku ile ile ya kwanza, nami ningaliaibika peke yangu chumbani badala ya kumwaibisha mtoto gwarideni. Jedwali la malipo halihitaji kurudia jina la mwanafunzi. Hubeba ufunguo wake tu, nao ukiwa hapo huitwa ufunguo wa kigeni. Ukiiamuru tarakilishi iulinde ufunguo huo, haitakubali malipo ya mwanafunzi asiyekuwapo. Tena, kwa kuwa mtoto mmoja aweza kuwa na walezi wawili, na mlezi mmoja aweza kuwa na watoto watatu, panahitajika jedwali dogo katikati, lenye ufunguo wa mtoto na ufunguo wa mlezi basi. Jedwali hilo ni mfano wa daraja: halina mali yake lenyewe, lakini pasipo na daraja ng'ambo hazijuani.

Sasa tazama fedha. Tarakilishi ina aina mbili za kuhifadhi nambari zenye desimali, na zinafanana kwa sura tu. Aina ya kwanza huitwa nambari za nukta inayoelea, nayo hufaa vipimo vya sayansi, ambavyo wenyewe hukadiriwa. Huhifadhiwa kwa hesabu ya msingi wa mbili, na katika msingi huo moja ya kumi haina mwisho, kama vile thuluthi isivyokuwa na mwisho ukiiandika 0.333 na kuendelea. Kwa hivyo tarakilishi hukata mahali fulani na kuweka kilicho karibu. Ukijumlisha 0.1 mara kumi kwa aina hiyo yenye biti 64, hupati 1, hupata 0.9999999999999999. Upungufu huo ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini mizani ya fedha haitaki karibu na kweli, hutaka kweli yenyewe. Aina ya pili ni desimali kamili, ambayo huambiwa tangu mwanzo idadi ya tarakimu zake: tukisema tarakimu 10, na 2 kati yake ziwe baada ya nukta, safu hiyo huchukua mpaka shilingi 99,999,999.99 bila ya kupoteza senti. Karo ya watoto na akiba ya wajane viwekwe humo.

Tarehe nazo zina chombo chao. Mimi niliziweka kama maandishi, kila moja kwa namna ilivyonijia: "9/4", "Aprili 9", "tarehe tisa". Nilipoiambia tarakilishi izipange, ilizipanga kama maneno ya kamusi, na katika kamusi 10 hutangulia 9, kwa sababu 1 hutangulia 9. Tena "9/4" kwetu ni tarehe tisa ya mwezi wa nne, na kwa Mmarekani ni tarehe nne ya mwezi wa tisa. Safu iliyotangazwa kuwa ya tarehe huondoa utata huo, hupanga siku kwa mfuatano wake, na haikubali tarehe 31 Februari hata ukiibembeleza. Saa nazo zitake uangalifu, zaidi kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili: mlezi akisema "saa mbili asubuhi" na karani akaandika 2:00, jedwali litasema saa nane za usiku. Na usihifadhi umri wa mtu. Umri hubadilika kila mwaka, na jedwali halina masikio ya kusikia siku ya kuzaliwa ikipita. Hifadhi tarehe ya kuzaliwa, ambayo haibadiliki, na umri uhesabiwe unapohitajika.

Nimekwisha kukuambia kwamba siku msichana yule alipofukuzwa palikuwa na mtihani wa hesabu. Jedwali la alama nalo nilikuwa nimelitengeneza mimi, nami niliiamuru safu ya alama isikubali kuachwa tupu, kwa kuwa niliona nafasi tupu ni uzembe. Mwalimu wa hesabu hakuwa na alama ya kuandika. Tarakilishi ilimkatalia kupita, naye, akiwa na haraka, akaandika 0. Basi mtoto aliyekosa mtihani kwa kosa langu alihesabiwa kuwa ameufanya akashindwa kila swali, na wastani wake ukaporomoka. Kumbuka jambo hili: sifuri ni jibu, bali utupu ni kukosekana kwa jibu. Aliyepata sifuri alikuwapo; asiyefanya mtihani hakuwapo. Mapipa mawili yakiwa uani, moja limepimwa likaonekana kavu na jingine halijafunguliwa, huwezi kusema kwamba yote mawili hayana maji. Hifadhidata ina alama yake maalumu ya utupu, na inapotafuta wastani huiruka alama hiyo, bali sifuri huihesabu. Aliyeyachanganya haya mawili huandika uongo bila ya kukusudia.

Usidhani kwamba makosa ya namna hii ni ya makarani wa pwani tu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Haikuwa na mtu ndani yake. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka kwa roketi iliyoitangulia, Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mwingine. Ndani ya programu hiyo kipimo kimoja cha mwendo, kilichohifadhiwa katika biti 64, kilihamishwa katika nambari kamili ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Katika Ariane 4 kipimo hicho hakikupata kufika huko; katika Ariane 5 kilipita. Chombo kilifurika, tarakilishi za kuongoza zikaacha kufanya kazi, na baada ya sekunde 40 hivi roketi ilivunjika angani pamoja na mizigo yake. Wataalamu wale walikuwa na elimu kuliko mimi mara elfu. Walichokikosa ni kile kile nilichokikosa: kuuliza kama chombo cha jana kitatosha mzigo wa leo.

Lakini liko jambo zito kuliko roketi. Jedwali huamua nani anaweza kuandikwa na nani hawezi. Katika jedwali langu palikuwa na safu ya jina la baba, nami niliamuru isiachwe tupu. Mtoto asiye na baba alipokuja na mama yake, nilimwambia kwamba tarakilishi haikubali. Mama aliinamisha macho, akanitajia jina la mjomba. Hivyo nililazimisha uongo katika kitabu cha serikali, na nilimfanya mama aone haya mbele ya mwanawe, kwa ajili ya safu ambayo shule haikuihitaji. Safu iliyoitwa "mlezi" ingalitosha, nayo ingalimpokea baba, mama, nyanya na mjomba bila ya kumwuliza mtu maswali. Kadhalika majina: wako watu wenye majina matatu, wako wenye mawili, wako wenye manne, na wako wenye ritifaa ndani ya jina, kama Ng'ang'a. Chombo cha majina kiwe kipana cha kuwapokea wote kama wanavyojiita. Mtu hapunguzwi ili aenee jedwalini. Jedwali ndilo hupanuliwa.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikayakiri yote. Hakunifukuza. Aliniambia nichukue muda, nami safari hii nilianza kwa kalamu na karatasi kabla ya kuigusa tarakilishi. Niliandika kila kitu ambacho shule hutaka kukijua. Kando ya kila kitu niliandika maswali manne: hiki ni habari ya nani? Ni cha namna gani? Kikubwa chake hufika wapi? Na je, chaweza kukosekana? Nilimwita hata mzee aliyestaafu, akaja na miwani yake, tukasoma vitabu vyake viwili pamoja mstari kwa mstari. Tulikuta wanafunzi wengine watano ambao fedha zao zilikuwa zimelala chini ya majina yasiyo yao. Sifuri zote zilirudishwa mahali pake. Msichana alirudi darasani, na mwalimu wa hesabu alimpa mtihani wake peke yake, siku ya Jumamosi. Walakini aibu ya gwarideni sikuwa na jedwali la kuifuta.

Nyanya yake alifika tena mwisho wa muhula. Nilimtolea stakabadhi ya karo yake, nikamsomea jina la mjukuu wake na kiasi cha fedha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na nambari?"

"Sifuri, nne, moja, saba," nilisema.

"Hapo sawa," alisema, akaikunja stakabadhi ile akaifunga katika pindo la leso yake.

Msomaji, elimu ya majedwali ni ndefu, nami sikukusudia kukufundisha yote katika kurasa chache. Utakutana na walimu na vitabu vitakavyokuonyesha zaidi. Lakini siku utakapokaa mbele ya tarakilishi na kuulizwa safu hii ni ya aina gani, usijibu upesi kama nilivyojibu mimi. Nyuma ya safu hiyo kuna mtu: yuko aliyeshona makuti ili alipe, yuko atakayeitwa gwarideni, yuko atakayekuja kwa miguu kuuliza haki yake. Simama kidogo, umfikirie mtu huyo, ndipo uchague chombo.